Kwapani Kitunguu, Kisiginoni Sabuni

Bi Pindo alikuwa mwizi wa mtihani, na ni vizuri tuliseme hilo mapema, asije mtu baadaye akalalamika kwamba alifichwa. Miaka sitini na tisa, miwani inaning'inia kifuani, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni, ameketi kwenye benchi la kitengo cha utafiti wa ubongo, katulia kama maji mtungini. Kumbe majibu yote anayo. Hakuyaandika kwenye karatasi, maana karatasi hukamatwa. Aliyaficha mwilini, na wala si mwilini mwake, bali mwilini mwa mumewe.

Mumewe ndiye yule aliyeketi pembeni yake, shati limenyooka, anaitazama saa ya ukutani kwa jicho la lawama kwa sababu inachelewa dakika mbili. Wanamwita Mzee Sekunde. Kwa miaka arobaini alifungua kibanda chake cha kutengeneza saa ilipogonga saa mbili kamili asubuhi, na mteja aliyeahidi kuja saa hiyo akafika na dakika moja zaidi alipewa pole ya kuchelewa. Mkewe naye alikuwa fundi cherehani. Jina la Pindo alilipata kwa tabia yake: hawezi kuona pindo la mtu limefumuka akanyamaza. Atapiga magoti hapo hapo akushikize kwa pini, hata kama uko msibani unalia.

Sasa, waliingiaje kwenye mambo ya ubongo? Daktari mmoja, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na viatu visivyosikika, alikuwa anatafiti kumbukumbu za wazee waliofanya kazi za mikono maisha yao yote. Alitaka kujua kama mikono iliyozoea kufikiri huusaidia ubongo usichoke mapema. Akawaandikisha mafundi wa kila namna: wa viatu, wa mbao, wa saa, wa nguo. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi unaingia chumba namba nne, unasomewa maneno kumi na tano polepole, halafu unaambiwa uyarudishe. Kisha unachora saa. Zikipita dakika ishirini unaulizwa maneno yale yale tena, unakunywa soda, unakwenda zako. Bi Pindo na mumewe walikuwa wakienda mwaka wa tatu sasa, na walipenda. Mahali gani pengine mzee anaulizwa maswali halafu mtu anaandika majibu yake?

Tatizo lilikuwa Alhamisi.

Mtu wa Jumanne akipata chini ya maneno manane miezi miwili mfululizo, anahamishiwa kundi la Alhamisi. Watu wa Alhamisi huja wameshikwa mkono, na kifuani wamebandikwa kadi yenye jina na namba ya simu ya nyumbani. Mzee Sekunde aliwaona siku moja alipokwenda kuchukua mwavuli aliokuwa ameusahau, akarudi amenuna.

"Wamebandikwa kadi kama mizigo ya stendi," alisema. "Nisikilize, Mama. Siku mtakayonipeleka Alhamisi, Ijumaa mnizike."

"Acha maneno yako."

"Nimeshasema. Ijumaa."

Hakucheka aliposema hivyo, na mumewe Bi Pindo ni mtu wa kucheka. Ndipo yule mama akaanza kuogopa Alhamisi kama watu wanavyoogopa kisu cha hospitali. Alimjua mzee wake. Mwaka aliofunga kibanda kwa sababu macho yalikuwa yamepungua, alilala kitandani wiki mbili anautazama ukuta, anakula kwa kubembelezwa. Wakimbandika kadi, huyu hatanyanyuka tena.

Na dalili zilikuwa zimeanza. Mwaka wa kwanza, alipoambiwa achore saa, Mzee Sekunde alimuuliza Daktari, "Ya ukutani au ya mkono?" kisha akachora hadi kijisukani cha kuitilia ufunguo. Mwezi uliopita alichora duara, akazirundika namba zote kumi na mbili upande mmoja, upande wa pili mtupu. Akaitazama muda mrefu. Akamsukumia Daktari karatasi na kusema, "Hii imeharibika. Iache hapa, nitaitazama kesho." Maneno alipata matano. Yaani mwezi mmoja wa kufeli ulikuwa umeshaingia kitabuni, umebaki mmoja.

Wiki ile ile, wakiwa mezani asubuhi, alimgeukia mkewe kwa adabu sana, ile adabu ya mtu na mtu asiyemzoea, akauliza:

"Samahani, Fundi, suti yangu iko tayari?"

Kijiko kilimsimama Bi Pindo mkononi. Suti hiyo aliijua. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, aliletewa kitambaa chake na kijana mmoja mwembamba wa saa, miaka arobaini na minne iliyopita, na yeye kama fundi yeyote mwenye heshima zake akamzungusha Jumamosi saba. Mpaka kijana akasema afadhali amuoe tu, angalau ajue suti yake iko wapi. Sasa kijana huyo alikuwa ameketi mbele yake na mvi zake, anasubiri jibu.

"Rudi Jumamosi," Bi Pindo alisema.

"Asante." Akanywa chai. Baada ya kitambo akakunja uso. "Mama, mbona chai haina sukari leo?"

Akawa amerudi. Bi Pindo akaenda jikoni kuchukua sukari, akakaa huko muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Alilia, ndiyo, kwa nini tufiche? Halafu akajifuta kwa kanga, akapiga hesabu ya wizi.

Daktari alikuwa na orodha tatu tu za maneno, akizizungusha kwa zamu. Aliamini hakuna mzee atakayeikumbuka orodha ya miezi mitatu iliyopita. Kwa wengi alikuwa sahihi. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu mama mpaka leo anajua kiuno cha bibi harusi ambaye siku hizi ana wajukuu, na anajua pia kwamba bibi harusi huyo alidanganya inchi mbili. Orodha iliyofuata kwa zamu aliijua yote: ngoma, kengele, pazia, kitunguu, shamba, msumari, kikombe, mwezi, kamba, ndege, kiti, samaki, daraja, moshi, sabuni. Zilibaki wiki tatu.

Siku za mwanzo zilikuwa za aibu. Alimsomea maneno, mzee akayarudisha mawili na la tatu la kubuni. Akamwandikia kwenye karatasi, karatasi ikapotea, ikaja kuonekana ndani ya birika. Akamwimbia. Mzee akaupenda wimbo, akakumbuka sauti, maneno akayaacha.

Siku ya tano Bi Pindo akakata tamaa, akaamua amshonee suruali, maana alikuwa amekonda. Akachukua tepu ya kupimia, akamsimamisha katikati ya chumba. Alipomgusa tu shingo, mzee akainua kidevu mwenyewe. Kabla hajafika begani, bega limeshanyooka. Mkono ukapaa ili kwapa lisubiri tepu, mgongo ukageuka, kiwiko kikakunjwa. Miaka arobaini na minne ya kupimwa na mwanamke yule yule, kwa mpango ule ule. Mwili ulijua kinachofuata hata kama mwenye mwili hajui leo ni siku gani.

"Loo!" Bi Pindo alisema, tepu ikiwa shingoni mwake.

Basi akaanza kumpima maneno. Shingo, ngoma. Bega, kengele. Kifua, pazia. Kwapani akamwekea kitunguu, na hilo mzee hakulikosea hata mara moja.

"Unanitukana," alisema, akijinusa.

"Nakusaidia. Mgongo?"

"Shamba."

"Kiwiko?"

"Msumari. Ule niliojigonga nao."

"Kifundo cha mkono?"

"Kikombe. Tumbo, mwezi. Kiuno, kamba." Alikuwa amechangamka sasa. "Nyonga, ndege. Makalio, kiti! Hilo hata mbuzi atalikumbuka."

Paja lilikuwa samaki, goti daraja, muundi moshi, na chini kabisa kisiginoni sabuni, kwa sababu aliwahi kuikanyaga bafuni akaanguka na taulo lake. Kila asubuhi kabla ya chai, kila jioni kabla ya taarifa ya habari, mzee anasimama, mkewe anashuka na tepu kutoka shingoni hadi kisiginoni. Wiki ya pili hakuhitaji tepu. Alijigusa mwenyewe na maneno yakaja. Wiki ya tatu ungemwamsha usingizini angekutajia. Jirani aliyechungulia dirishani akamkuta mtu mzima amejishika makalio anatamka "kiti" kwa furaha, aliondoka bila kuomba chumvi aliyoijia.

"Sasa sikiliza," Bi Pindo alimwambia asubuhi ya Jumanne, akimfunga vifungo. "Daktari atasoma maneno. Mwache amalize. Akimaliza, akikuuliza, ndipo useme. Umesikia? Mwache amalize."

"Nimwache amalize."

"Hivyo hivyo."

Alilirudia hilo mara sita njiani. Kosa lake, na ni kosa ambalo fundi wa miaka hamsini hakupaswa kulifanya, ni kwamba maneno yote kumi na tano aliyapatia mahali pa kukaa mwilini, lakini agizo la kusubiri hakulipatia hata kidole.

Haya, tumerudi kwenye benchi. Bi Pindo aliingia kwanza, akajibu maneno kumi na mawili, akaacha matatu kwa makusudi ili asionekane anajigamba. Akatoka. Mzee akaitwa. Mlango wa chumba namba nne ulikuwa umevimba kwa unyevu, haufungi vizuri, na ukuta wenyewe ni mbao nyembamba. Bi Pindo alisogea kwenye benchi, kidogo, kidogo tena, mpaka sikio lake likawa karibu limeingia chumbani.

"Karibu, Mzee. Habari za nyumbani?"

"Njema, Daktari. Saa yenu ya nje inachelewa."

"Nitawaambia. Haya, leo nitakusomea maneno kumi na tano, halafu..."

"Ngoma," alisema Mzee Sekunde.

Bi Pindo alifumba macho.

"Mzee, bado sijaanza ku..."

"Kengele. Pazia. Kitunguu." Sauti ilikuwa ya mtu anayetembea barabara anayoijua. "Shamba, msumari, kikombe. Mwezi. Kamba. Ndege. Kiti!" Hapo kiti kilisikika kikilia, kwa hiyo alikuwa ameinuka ili ajishike vizuri. "Samaki, daraja, moshi." Pumzi nzito, mtu mzima anainama. "Sabuni."

Halafu mzee akaongeza kwa heshima, "Haya, sasa unaweza kusoma."

Mlango ulivutwa kwa nguvu. Daktari alisimama pale na karatasi ambayo hajaisoma hata neno moja. Kwenye benchi Bi Pindo alikuwa ameinamia pindo la gauni lake mwenyewe, analikagua kana kwamba ndilo limemleta mjini.

"Mama," Daktari alisema. "Hebu ingia."

Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu, na juu ya meza ubongo wa plastiki, ule unaofunguka vipande vipande. Mzee Sekunde alikuwa ameketi tena, jasho kwenye paji la uso, anamtazama Daktari, kisha mkewe, kisha Daktari. Alikuwa ameshajua kwamba ameharibu. Hakujua ameharibu nini.

"Mzee," Daktari alianza, si kwa ukali, ila kwa ile sauti ya mwalimu aliyeona karatasi mbili zinafanana. "Maneno haya ni siri. Mmetia saini kwamba hamtaambiana. Nani amekufundisha? Ni mama huyu?"

Mzee Sekunde akamgeukia mkewe. Akamtazama usoni taratibu, kuanzia nywele mpaka kidevu, kama mtu anayesoma kibao cha duka ambalo hajawahi kuingia.

"Huyu mama?" akasema. "Simjui."

Jamani. Bi Pindo alikuwa amejiandaa kwa mengi. Kufukuzwa, kukemewa, aibu ya kukamatwa na majibu uzeeni. Neno hilo hakujiandaa nalo, maana ndilo alilokuwa akilikimbia tangu siku ya kijiko na sukari. Akashika ukingo wa meza. Arobaini na minne, alijisemea, arobaini na minne yote, na imeisha hapa, Jumanne, mbele ya ubongo wa plastiki.

"Humjui kabisa?" Daktari aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kabisa. Sijawahi kumwona. Labda ni fundi wa hapa mjini, wale wa rudi Jumamosi." Na jicho la kushoto la Mzee Sekunde, lile lililozoea kubana kioo cha kukuzia saa, likafumba na kufumbuka.

Bi Pindo alikaa chini. Kicheko na kilio vilimjia pamoja vikagombania mlango, akatoa sauti ambayo haikuwa ya kimoja wala ya kingine. Kisha akampiga mumewe begani kwa mkoba.

"Kengele," alisema mzee.

Hapo Daktari akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani, akacheka ameegemea kabati la mafaili, msomi mzima. Alipopata pumzi akavuta kiti.

"Za mwizi arobaini," Bi Pindo alisema, akinyoosha mikono kama anayesubiri pingu. "Ni mimi, mwanangu. Yeye hana kosa. Sikutaka apelekwe Alhamisi."

"Ulimfundisha lini?"

"Nilianza wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu." Daktari alirudia polepole. Akafungua faili, akaitazama picha ya ubongo iliyopigwa kwa mashine, akamtazama mzee. "Na anayakumbuka yote? Kwa njia gani?"

Bi Pindo akatoa tepu kwenye mkoba. Hakueleza. Alimsimamisha mumewe, akashuka naye, shingo hadi kisigino, na mzee akajibu yote kumi na tano bila kusita. Daktari hakucheka safari hii. Aliandika haraka, akafuta, akaandika tena.

Lakini mtafiti mwaminifu ni mtu msumbufu. Alipomaliza kuandika, akasema inabidi asome orodha nyingine, kwa sababu kanuni ni kanuni na leo ni siku ya kipimo. Akasoma maneno mapya kumi na tano. Mzee Sekunde akajigusa shingo, akajigusa bega, hakukuta kitu. Alipata matatu.

Mzee aliuvuta ubongo wa plastiki, na kwa vidole vyake vya ufundi akaufungua, kipande kwa kipande, akavipanga mezani kwa mstari.

"Kasoro iko wapi?" aliuliza.

Daktari alisita, kisha akamwonyesha kipande kidogo kilichopinda, kilichokaa ndani kabisa. "Hapo, Mzee. Hapo ndipo maneno mapya yanapoingilia. Pako panachoka."

Mzee alikigeuza kipande kwenye mwanga, akakipuliza vumbi. "Mngekuwa na mafuta mepesi," alisema. Kisha akaurudishia ubongo wote, kila kipande mahali pake, upesi kuliko Daktari mwenyewe anavyoweza, akausogeza mbele yake. "Kwa hiyo ni Alhamisi."

"Ni Alhamisi. Siwezi kuandika uongo."

"Usiandike."

"Na wewe, Mama," Daktari akamgeukia, "Jumanne umefukuzwa. Wizi wa mtihani."

"Nifukuze, mwanangu. Nilistahili."

"Utakuja Alhamisi. Na tepu yako. Nina watu kumi na mmoja pale ambao hawajawahi kurudisha zaidi ya maneno manne, na mimi nimewasomea mwaka mzima kama kasuku. Nataka nijue umefanya nini."

Bi Pindo alirudi nyumbani na furaha nusu, nusu nyingine hofu. Kufukuzwa kwake hakukumuuma. Lililomuuma ni mzee, ambaye usiku huo alikula kidogo akageukia ukuta. Bi Pindo aliujua ule ukuta.

Akaketi kwenye cherehani. Kufika Alhamisi, kwenye mfuko wa shati la mumewe palikuwa na nakshi ya uzi wa bluu, herufi nzuri, "Fundi Saa", na chini yake namba ya simu ya nyumbani, ndogo, kama wanavyoandika mafundi kwenye matangazo yao. Mhudumu wa mapokezi alipokuja na kadi, Mzee Sekunde alijigonga kifuani.

"Mimi ninayo ya kushonwa," alisema, na wenzake wote wakageuka kutazama. Kabla ya saa nne, watatu walikuwa wameshamuuliza Bi Pindo atawatarizia kwa bei gani, na mmoja, aliyekuwa fundi viatu, alikuwa ameshapangiwa maneno miguuni tu, kwa sababu huko ndiko alikojua njia.

Kesho yake asubuhi Bi Pindo aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Akamkuta mezani, amevaa, amechana nywele, mikono juu ya magoti.

"Leo siku gani?" mzee aliuliza.

"Ijumaa."

Alilifikiria hilo, akimtazama mkewe kwa adabu ile ile ya kijana mwembamba wa suti ya kahawia. Bi Pindo akashika kiti, hajui ni nani hasa atakayezungumza.

"Ijumaa," mzee alisema. "Sasa mbona hamjanizika?"

Bi Pindo alikunja kanga yake, akaweka maji jikoni, akahakikisha sauti imekaa sawa kabla ya kuitoa.

"Sanda yako haijaisha kushonwa," akasema. "Rudi Jumamosi."